Matofali ya Chini ya Dirisha

Bunia, Jumatatu, tarehe 16 mwezi wa nane, 2010

Leo ni miezi mitano na siku tisa tangu nilipotoka kwetu Masereka. Daftari hili nililinunua ili nihesabu matofali, lakini kapita, msimamizi wetu, anahesabu mwenyewe, basi nitaandika humu mambo mengine. Nilisoma mpaka darasa la tano. Mwenye kucheka acheke.

Niandike kwanza sababu ya kuwa hapa, nisije nikaisahau siku nitakapochoka. Mwaka jana mke wangu Kaswera alipasuliwa tumbo. Pesa ya hospitali niliipata kwa kuweka rehani shamba letu la viazi kwa jirani, dola mia mbili na sitini. Tuliandikiana: nisipolipa kufika tarehe 30 mwezi wa kumi na moja mwaka huu, shamba ni lake. Kaswera ana themanini ndani ya nyumba, jasho langu la miezi ya kwanza. Zinabaki mia moja na themanini.

Kazi niliyoipata ni nyumba ya matofali ya kuchoma katika mtaa wa Rwambuzi. Mwenye nyumba ni mjane, Mama Véronique, anauza vitenge sokoni. Mimi ni mwashi. Donatien, mkulima wa Djugu aliyekimbia kwao, anakanyaga udongo na kunipa matofali. Kapita ni Evariste, mtu wa kwetu, yeye ndiye aliyeniita. Nitapata tisini kuta zikifika linto, yaani pale juu ya milango na madirisha, na tisini nyingine manjanja, mabati ya paa, yakipanda. Tisini na tisini. Nitarudi nyumbani tarehe 20 mwezi wa kumi.

Alhamisi, tarehe 19

Mvua tangu asubuhi. Hatukugusa kazi.

Jumatatu, tarehe 23

Leo alikuja mtu wa koperative ya mikopo, jina lake Jérôme. Pikipiki safi, viatu safi, mita ya chuma mfukoni na kamera ndogo shingoni. Alipima msingi, akapiga picha, akakataa kiti. Mama Véronique alisimama kando yake kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Alipoondoka nilimuuliza Evariste kwa nini mtu yule anapima nyumba isiyo yake.

"Isiyo yake?" Evariste akacheka. "Fundi, weye unafikiri unajenga kwa pesa ya nani? Pesa iko ya koperative. Dola elfu mbili na mia nne. Lakini hawamupe mama zote. Wanakata mara tatu. Msingi, mia nane. Linto, mia nane. Manjanja, mia nane. Kila mara huyu monsieur anakuja na mita yake. Bila picha, hakuna faranga."

"Na mama ataanza kulipa lini?"

"Ameshaanza! Kila tarehe tano, mia moja na hamsini."

Niliona ni wazimu. Mwanamke anapanga chumba kwa watu, halafu kila mwezi analipia nyumba ambayo mbuzi anaweza kuiruka. Jioni alipotuletea maharagwe nilimwambia hivyo hivyo, maana sijui kuficha.

"Papa Katsuva," akasema, "weye hesabu milango. Vyumba viwili vya mbele viko na mlango wao wa barabarani. Watu wa mashirika wanatafuta vyumba, wanalipa sabini na tano kwa mwezi. Viwili, mia moja na hamsini. Vile viwili vitalipa nyumba nzima. Mimi na watoto tutalala nyuma bure."

Alisema kama mtu anayesali. Kumbe karatasi ya kiwanja aliyoachiwa na marehemu mumewe imefungwa katika sanduku la koperative. Akikosa kulipa miezi mitatu wanauza kiwanja, na ukuta wangu juu yake. Ana watoto wanne. Hata hivyo niliona kiburi ndani yake. Mtu wa maharagwe anataka kuwa na wapangaji.

Alhamisi, tarehe 2 mwezi wa tisa

Mistari mitano ya matofali.

Ijumaa, tarehe 3

Mistari mitano. Evariste anaona ni kidogo. Hapa tunajengea udongo, simenti ni ya kupitisha nje mwishoni kwenye mianya ya matofali, na udongo wakati wa mvua haukubali zaidi ya mistari mitano kwa siku. Marehemu baba alinifundisha kuchoma msumari asubuhi katika kazi ya jana. Ukikataa kuingia, panda. Ukiingia, kaa chini ungoje. Evariste ananiita daktari wa sindano.

Jumapili, tarehe 5

Mama Véronique alilipa leo ijapokuwa ni Jumapili. Alimkuta Jérôme nje ya kanisa akamhesabia mkononi. Sijui alikula nini jana.

Ijumaa, tarehe 10

Mvua. Mstari mmoja. Nimeongea na Kaswera kwa simu ya Donatien. Anasema jirani yetu alionekana akipima shamba kwa hatua. Nimemwambia nitakuwa nyumbani tarehe 20 mwezi wa kumi.

Ijumaa, tarehe 17

Nitaandika kirefu kwa sababu sina amani.

Kesho Jérôme anakuja kuona linto. Akipita kesho, mzunguko wake mwingine wa Rwambuzi ni baada ya mwezi mzima. Ukuta wa nyuma ulibakiwa na mistari kumi na mmoja. Asubuhi nilichoma msumari katika mstari wa juu na uliingia mpaka kichwani.

"Leo tunamaliza," Evariste akasema.

"Leo tunakaa," nikasema. "Udongo ni mubichi."

"Katsuva, sikiliza. Kesho picha, Jumatatu pesa. Tukikaa, pesa ni mwezi wa kumi. Mama atalipa nini? Weye utakula nini? Shamba yako itakungoja?"

"Kuta haijui tarehe, kapita."

"Kuta haijui. Benki inajua."

Donatien alikuwa amesimama ndani ya udongo mpaka magotini, anatuangalia mmoja mmoja. Mama Véronique alikuwa sokoni. Hakuna aliyemuuliza.

Nilipandisha. Mistari kumi na mmoja kwa siku moja, wakati wa mvua, mimi mwenyewe, kwa timazi na kamba, kona zimenyooka kama za kanisa. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nahesabu tisini.

Jumamosi, tarehe 18

Jérôme alikuja. Alipima urefu, akapiga picha. Kisha akabonyeza udongo wa ukuta wa nyuma kwa kidole gumba, akaniangalia.

"Hii ni ya siku gani?"

"Ya juzi, chef," Evariste akajibu haraka.

Aliendelea kuniangalia mimi. Nilipangusa mwiko. Akatia sahihi.

Jumapili, tarehe 19

Mvua ilianza tukiwa misani. Ilipiga mabati ya kanisa hata padri akanyamaza. Niliondoka kabla ya komunyo nikakimbia.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini. Haukuvunjika, ulitelemka wote pamoja kama mtu anayekaa. Kona ya kushoto niliyoisifu juzi ilikuwa imebeba nusu ya ukuta wa ubavuni. Mama Véronique alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa anaokota matofali mazima na kuyapanga, na kitenge chake cha kanisani kimejaa matope. Niliinama nikaokota naye mpaka saa tisa.

Jumanne, tarehe 21

Koperative ililipa jana. Mama Véronique alimpa Evariste pesa ya kazi yote ya linto. Leo Evariste hakuja.

Jumatano, tarehe 22

Wanasema ameenda Bambu kutafuta dhahabu. Mtu wa kwetu. Tulibatizwa na padri mmoja.

Alhamisi, tarehe 23

Nilimwendea Mama Véronique sokoni.

"Nililipa kazi mara moja, silipi mara mbili, Papa Katsuva," akasema kabla sijafungua kinywa.

"Mimi sikupokea hata mia."

"Nimesikia." Akakunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Siku ile, uliona udongo uko mubichi?"

"Niliona."

"Na ukapandisha?"

"Nilipandisha."

"Basi siye wawili tuko na deni ya ile kuta."

Ningeweza kuondoka. Kwetu ukuta ukianguka kabla ya mwaka, mwashi anaurudisha bure, na hata kama si kwetu, mikono ni ile ile. Nimemwambia nitaujenga upya bila malipo, yeye atoe matofali na chakula. Donatien naye anabaki. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Niende wapi? Na mimi kwangu hakuna manjanja."

Nimefuta tarehe 20 niliyoiandika mwanzo. Mwisho wa mwezi wa kumi, basi, au siku chache baadaye.

Jumatano, tarehe 29

Mistari minne. Msumari ulikataa kuingia.

Jumanne, tarehe 5 mwezi wa kumi

Mistari mitatu, mvua. Mama amelipa koperative. Ameuza pagne mbili za nta, vitenge vya bei kubwa, chini ya bei.

Ijumaa, tarehe 8

Watu wenye magodoro kichwani wamepita barabarani tangu asubuhi. Wanasema kulikuwa na risasi upande wa Bambu. Wengine wanasema ni wezi wa ng'ombe tu, wengine wanasema ni vita vile vya zamani vinarudi. Donatien amekanyaga udongo akitazama barabara. Sokoni bei ya shitingi, yaani turubai la plastiki, imepanda.

Jumapili, tarehe 10

Nilifika kwenye kazi baada ya misa kuchoma msumari wangu. Mbele ya nyumba, chini ya dirisha kubwa la chumba cha kwanza cha kupangisha, mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa tofali:

NYUMBA HII HAIUZISHWE

Yaani haiuzwi. Rangi ilikuwa bado inanata. Maandishi kama hayo nimeyaona mji mzima, watu waliokimbia zamani waliyakuta au waliyaacha. Lakini kwenye ukuta wangu ilikuwa kama kuona jina la mtu wa nyumbani katika tangazo la msiba.

Ni Adolphe aliyeandika, shemeji wa Mama Véronique, ndugu mkubwa wa marehemu. Anafuga ng'ombe upande wa Nyankunde. Alikuwa bado amesimama pale na kopo la rangi, mzee mrefu mwenye koti.

"Weye ni fundi wa ile kuta iliyolala?" akaniuliza.

"Ni mimi, muzee."

"Basi usinifundishe kazi yangu. Nimesikia risasi ya Bambu, nimesikia kuta imeanguka. Sasa wale wa koperative watakuja kuuza kiwanja ya watoto wa ndugu yangu. Wasome kwanza."

Mama Véronique alifika mbio. "Shemeji! Unaniua!"

"Ninakulinda, mama. Uliweka karatasi ya ndugu yangu kwa watu bila kuniuliza."

"Ningekuuliza, ungekubali?"

"Hapana."

"Basi!"

Aliondoka na kopo lake. Nilimchukia mzee yule. Mtu anayekuja na rangi wakati wengine wanakuja na matofali.

Ijumaa, tarehe 15

Ukuta wa nyuma umesimama tena. Linto zote ziko juu. Tumefunika vichwa vya kuta kwa majani ya ndizi na kipande kimoja cha shitingi. Tumejaribu kufuta rangi kwa petroli. Imekuwa pana zaidi, na inasomeka vizuri zaidi.

Jumamosi, tarehe 16

Jérôme alikuja. Alisimama mbele ya dirisha muda mrefu, hakutoa hata kamera.

"Mama, hii siwezi kuipiga picha."

"Zunguka nyuma, monsieur Jérôme. Piga ukuta wa nyuma. Ni mzuri sasa."

"Siwezi."

Mama Véronique hakulia. Alisema ana wateja, akaenda sokoni. Mara mvua ikaja na kumfungia Jérôme pale, na mahali pakavu palikuwa pale tu chini ya shitingi yangu, tunapochanganyia udongo. Tulikaa magoti kwa magoti, na Donatien mlangoni.

Nilimwambia ukweli, kwamba namwona mtu mbaya. Mwanamke hajakosa hata mwezi mmoja.

"Papa, unadhani ninamuogopa mama?" akasema. "Mama analipa vizuri kuliko walimu wote ninaowafuata. Mimi ninaogopa siku ya kuuza."

"Hamtauza, analipa."

"Kila anayekopa analipa, mpaka siku ile halipi. Mtoto anaugua, risasi inalia, soko linafungwa. Siku hiyo koperative inabaki na nini? Kiwanja. Na kiwanja ni pesa kama kuna mtu wa kukinunua." Akafuta matope kwenye kiatu kwa kidole, akaona haifai kitu, akaacha. "Miaka miwili iliyopita tuliuza nyumba moja, sitaji mtaa. Mnunuzi alilipa, akaingia. Majirani hawakumtukana. Hawakumsalimu tu. Mke wake akifika kisimani, wengine wanainua ndoo zao na kuondoka. Mwezi wa tano akaja ofisini: nirudishieni pesa yangu. Nyumba ile iko pale mpaka leo, majani yameingia ndani. Hapa watu walinunua nyumba za waliokimbia kwa bei ya mbuzi, na kila mtu anakumbuka nani alinunua. Nani atanunua tena, na rangi nyekundu juu yake?"

"Basi ile rangi haimlindi mama."

"Inamlinda dhidi yetu. Haimlindi na mvua."

Donatien akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kicheko kifupi. "Bon. Muzee amefunga mlango, mwizi yuko nje, na mutoto wake pia yuko nje."

Niliuliza ni nini kingeweza kuituliza koperative. Jérôme akasema, mtu wa familia ile ile, mwenye mali, atie sahihi kama mdhamini, na maandishi yatoke. Mkuu wake ameshafunga mikopo mipya ya mtaa mzima tangu risasi za Bambu, lakini iliyokwisha kuanza anaweza kuitetea. Na akaniambia jambo jingine: wakopaji wake wakichelewa wengi, mshahara wake unakatwa. Mwezi uliopita alipokea nusu. Viatu vile ni vya harusi yake.

Alipopanda pikipiki akaniambia bila kunitazama, "Siku ile ya udongo mubichi, nilijua. Mimi pia nilihitaji linto."

Jumatano, tarehe 20

Ndiyo siku niliyosema nitakuwa nyumbani.

Jumatatu, tarehe 25

Mvua. Msumari umeingia nusu, kona ya nyuma.

Alhamisi, tarehe 28

Mvua. Upepo umechukua majani ya ndizi. Msumari umeingia mpaka kichwani, pande mbili. Udongo unatoka katikati ya matofali kama unga kwenye gunia lililotoboka. Nimejaza kwa kidole siku nzima.

Jumamosi, tarehe 30

Kaswera ameuliza lini. Nimesema simu ina kelele.

Ijumaa, tarehe 5 mwezi wa kumi na moja

Mama Véronique amelipa. Amelipa kwa kuuza meza yake ya sokoni, meza yenyewe, kwa mama wa jirani. Sasa anatembeza vitenge begani. Nilifikiri ana kiburi. Nafuta neno hilo.

Amehesabu mbele yangu kwa vidole: mwezi wa kumi na mbili hana cha kuuza. Mwezi wa kwanza hana. Mwezi wa pili wanakuja.

Nikamwambia, "Mwite shemeji yako. Asije kusikiliza maneno. Aje wakati mvua inanyesha."

Jumatano, tarehe 10

Alikuja, na mvua ilikuwepo, ya nguvu. Mama Véronique alimweka chini ya shitingi pale pale alipokaa Jérôme. Mimi nilibaki nje, nimelowa, nikamwita, "Muzee Adolphe, nipe mkono."

Nilimwekea msumari mkononi, nikamwonyesha kona. Aliuchoma. Ukaingia wote, akabaki anashika kichwa tu. Akauchomoa, akachoma mahali pengine. Ukaingia.

"Bila manjanja itakaa siku ngapi?" akauliza.

"Mvua mbili kubwa. Tatu."

"Na kiwanja?"

"Kiwanja kitabaki," Mama Véronique akasema. "Kitabaki na deni. Nyumba haitakuwepo, deni itakuwepo. Shemeji, uliandika isiuzishwe. Hata wapangaji hawawezi kuingia. Unataka nilipe kwa nini?"

Mzee alipangusa msumari kwenye koti. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ndugu yake alimfia mikononi, na alimwahidi kitu kimoja tu, kwamba watoto hawatakaa kwa watu. Vita vilipotulia alirudi mjini akakuta familia nyingine inapika katika jiko lao. Miaka miwili alisumbuka kuitoa. "Sasa mnaniambia niende kwenye ofisi niandike jina langu, na ng'ombe zangu zifuate jina langu. Halafu nifute maneno kwa mkono wangu, watu wote wakiangalia? Hapana. Kusaini, ninaweza kufikiri. Kufuta sifuti. Mtu akifuta hapa, watasema familia imeuza."

Hapo tulikwama. Mvua ilikuwa inakula ukuta wakati sisi tumekwama.

Nilikuwa nimelitazama dirisha lile siku thelathini. Sasa nikaona kitu ambacho hata mwanagenzi angekiona. Maandishi yako chini ya dirisha. Chini ya dirisha ukuta haubebi kitu, juu yake ni hewa. Ukuta wenyewe ni wa tofali moja, uso mmoja nje na uso wa pili ndani.

"Muzee," nikasema, "hatutafuta. Nitatoa matofali yale moja moja na kuyageuza. Nje patakuwa safi kwa ajili ya koperative na wapangaji. Maneno yatakuwa ndani. Hayo ni maneno ya familia, si ya barabara. Watoto watayasoma kila siku."

Aliniangalia kama anapima ng'ombe.

"Utayageuza yote? Hakuna litakalopotea?"

"Hata moja."

"Na weye ni mwashi wa ile kuta iliyolala."

"Ndiye huyo, muzee."

Mama Véronique akaweka mkono mdomoni. Mzee akaanza kucheka, mabega kwanza, mpaka akakohoa. Donatien, ambaye kila mara mzee huyu akija hujitia kazi mbali, alikuwa amesogea karibu. Mzee alimuuliza jina na kwao ni wapi. Donatien akataja kijiji chake. Kisha mzee akasema, "Kule kulikuwa na majani mazuri." Donatien akasema, "Bado yako."

Jumamosi, tarehe 13

Tumegeuza. Matofali thelathini na tatu, mistari mitatu ya kumi na moja. Niliyapa namba kwa makaa kabla ya kuyatoa, maana yakigeuzwa, la kushoto linakwenda kulia, na mimi namba zinanichanganya. Donatien alitoa, mimi nilipanga, mzee Adolphe alikaa kwenye ndoo anatuhesabia kwa sauti, onze, douze, treize. Mistari mitatu tu kwa siku moja. Niliweka simenti kidogo, Mama alinunua kilo tano.

Ukisimama barabarani unaona ukuta mwekundu wa kawaida. Ukiingia ndani unasoma.

Jumanne, tarehe 16

Mzee Adolphe ametia sahihi ofisini, ng'ombe wanne. Jérôme amekuja na kamera. Alipiga nje. Aliingia ndani, akasoma, akatoka.

"Ndani sikuombwa kupiga," akasema.

Lakini koperative imetoa mia tano badala ya mia nane. Mkuu anasema hali ya mtaa bado. Manjanja yatatosha vyumba viwili vya mbele na kimoja cha nyuma. Vingine ni msimu ujao.

Jumanne, tarehe 23

Mbao zimepanda. Mvua ilipita pembeni.

Alhamisi, tarehe 25

Manjanja yamepigiliwa. Tulipigilia la mwisho mvua ikianza, na tulikaa ndani, Mama Véronique, Donatien na mimi, tukisikiliza. Ni kelele nzuri kuliko zote nilizosikia Bunia.

Ijumaa, tarehe 26

Mwalimu mmoja na nesi mmoja wameshika vyumba. Mwezi mmoja mbele wamelipa. Tarehe tano ijayo iko salama. Zinazofuata, hatujui.

Jumamosi, tarehe 27

Mama Véronique amenipa tisini ya manjanja, noti kwa noti. Halafu akatoa karatasi yenye mhuri wa chef wa mtaa. Ameandika kwamba tisini ya linto, aliyokwenda nayo Evariste, anaitambua kuwa deni lake kwangu, na atailipa mara tatu, thelathini kila mwezi kuanzia mwezi wa pili, kutoka pesa ya vitenge, kodi ikisha kutosha kwa koperative.

Nilimwambia ukuta ule ulikuwa kosa langu pia.

"Ndiyo maana hakuna interet, hakuna riba, juu yake," akasema. "Papa Katsuva, unataka mdhamini?"

Siku ya kwanza ningemtaka padri na askofu. Nikasema sitaki. Nimeona meza ikiuzwa.

Basi na mimi sasa nimekopesha. Nilikuwa nasikia habari za risasi nikifikiria barabara tu, kama gari litapita. Leo asubuhi lori lilipasua gurudumu karibu na soko, watu wakatawanyika, na kitu cha kwanza nilichofikiria ni vyumba viwili vya mbele na watu waliomo. Sasa nalala na hofu ile ya Jérôme.

Nina themanini ya Kaswera na tisini hii. Mia moja na sabini. Zilizobaki ziko kwenye karatasi. Nitamwekea jirani yangu vyote mezani. Najua sasa anachoogopa, kwa sababu nimekaa nacho chini ya shitingi moja na Jérôme. Shamba la Katsuva, hakuna mtu wa Masereka atakayelinunua kutoka mkononi mwake huku watoto wangu wakipita kando yake kwenda shule. Anataka pesa yake. Ndugu yake Kaswera atasimama nami kama mdhamini, na nitaomba miezi mitano. Kama karatasi ya Rwambuzi inaweza kusimama Masereka, nitaona.

Msumari nimemwachia Donatien.

Gari linaondoka kesho Jumapili alfajiri. Likipata njia, nitakuwa nyumbani Jumanne tarehe 30, kabla jua halijazama.